Kuzungumza haki katika darasa la kisomo: maswali ya walimu wa Unguja na Pemba

Maswali haya nimeyakusanya kwa ajili ya walimu wa kisomo cha watu wazima, khasa wanaojitolea: waliomaliza skuli juzi, wakapewa boksi la chaki na chumba kimoja baada ya saa kumi jioni, wakaambiwa "nenda kawasomeshe." Mimi nasomesha Pemba, upande wa kaskazini. Kila tunapokutana kwenye mafunzo naulizwa hayahaya, na majibu yangu yametokana na kukosea zaidi kuliko kupatia.

Kazi yetu si kusomesha kusoma, kuandika na kuhesabu? Haki inaingiaje hapo?

Nitakujibu kwa karatasi moja. Jioni moja darasa limekwisha, wenzake wameshaondoka, bi mmoja akabaki. Akafungua fundo la pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mikunjo ilikuwa imeanza kutoboka. Akaniambia, "Mwalimu mwanangu, nisomee, lakini polepole."

Ilikuwa karatasi ya talaka. Alikuwa nayo kwa miezi saba. Aliyemletea alimwambia ni tatu, basi siku ileile alikusanya nguo zake akarudi kwao, bila ya masurufu ya eda na bila ya kuuliza neno. Nikamsomea mara mbili. Imeandikwa moja.

Talaka moja, mume anaweza kumrejea mkewe ndani ya eda, na mke ana haki ya kukaa nyumba ile na kulishwa mpaka eda iishe. Yote hayo bi yule alikuwa akiyajua. Ameyasikia kwenye darsa tangu udogo wake. Alichokosa ni kuweza kusoma neno "moja". Ukinambia kisomo ni jambo moja na haki ni jambo jengine, mimi hunijia ile karatasi.

Je, ni sawa kusema tunawafutia wanafunzi "ujinga"?

Sisemi hivyo, na nakuomba nawe usiseme. Najua neno hilo limo katika hotuba za tangu zamani na waliolitumia walikuwa na nia njema. Lakini hebu kaa nyuma ya darasa umtazame mwanamke wa miaka sitini, aliyelea watoto wanane, anayejua mwezi umeandama siku ngapi na maji yatatoka saa ngapi, anavyoinamisha uso anapolisikia.

Tena wengi wa mabibi zetu wanasoma. Wamekaa chuoni, wamekhitimu msahafu, herufi za Kiarabu wanazijua vizuri sana, na Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne nyingi kabla ya hizi za Kirumi. Wasiyemjua ni "a" wa skulini. Mimi siku ya kwanza huandika ubaoni "ba" kwa herufi zote mbili, ile ya chuoni na ile ya skuli, moja chini ya nyengine. Utaona darasa linavyonyanyua vichwa.

Halafu waulize kwa nini hawakusoma skuli. Hilo peke yake ni somo la wiki nzima. Skuli ya kwanza ya serikali kwa wasichana Zanzibar ilifunguliwa mwaka 1927, tena mjini. Elimu bila malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964. Hata baada ya hapo, yupo aliyekuwa na skuli mwendo wa saa nzima, yupo aliyeambiwa abaki alee wadogo zake, yupo aliyetolewa darasa la tatu akaozwa. Wakisikilizana, kila mmoja anagundua kwamba lile alilolibeba miaka yote kama aibu yake ni jambo lililowapata wote. Baada ya siku hiyo huwa wanaandika kwa mkono mwengine kabisa.

Nianze na neno gani?

Anza na neno linalowauma au linalowalisha. Kwa darasa la wakulima wa mwani, mimi huanza na "mizani".

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, Paje na Jambiani, kisha kikaja Pemba. Walioingia baharini kwa wingi ni wanawake. Mkulima anapiga vigingi mchangani, anafunga kamba, ananing'iniza vishina kimoja kimoja, anangoja bamvua maji yatoke, anavuna, anabeba kichwani, anaanika. Wiki kadhaa za kazi zinakwenda kukutana na mizani ya mnunuzi, na pengine hata kamba na vigingi ni vya mnunuzi huyohuyo, kwa hiyo hana ruhusa ya kumuuzia mwengine.

Nachora mizani ubaoni. Sisemi kitu. Nawaacha wazungumze wao. Baada ya hapo ndipo tunalikata neno: mi-za-ni. Tunaandika irabu, a e i o u, kisha jamaa zake: ma me mi mo mu, za ze zi zo zu, na ne ni no nu. Halafu naweka chaki mezani nawaambia watafute maneno ndani ya silabi hizo. Watakuletea nazi, meno, zamani, mume, mizizi, neno. Siku ya mwanzo kabisa bi mmoja alipata "nani", mwenzake akapata "ana", na darasa likaunga sentensi yao ya kwanza wenyewe, sikuwasaidia: *Nani ana mizani?*

Siku chache baadaye wakaamua kupeleka polo la mchele la kilo 25, lililofungwa kiwandani, likapimwe kwenye mizani ileile ya mwani. Ikasoma 23. Tukarudi darasani na hesabu: kila kilo 25 zinapotea 2, je, mwenye kilo 300? Ishirini na nne. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya kutoa na kuzidisha siku ile.

Njia hii imetoka wapi? Ni ya kizungu?

Aliyeifanya ijulikane ni Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyezaliwa Recife mwaka 1921. Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Angicos, yeye na wenzake walisomesha vibarua na wakulima wapatao 300, wakianza na maneno ya kazi zao badala ya maneno ya kitabu cha watoto. Wakati huo Brazil asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura, basi kumsomesha mkulima kulikuwa na maana kubwa. Mwaka 1964 jeshi likapindua serikali, Freire akafungwa, kisha akaenda kuishi uhamishoni. Katika miaka ya 1970 alifika Tanzania, nchi ambayo tayari ilikuwa imeutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Lakini ninayempenda zaidi si yeye. Ni Bernice Robinson, msusi wa nywele, Mmarekani mweusi. Januari 1957 alifungua darasa katika chumba cha nyuma cha duka la ushirika, kisiwa cha Johns, jimbo la South Carolina. Watu weusi wa huko walinyimwa kura kwa kisingizio kwamba hawakuweza kusoma sheria. Robinson hakuwa mwalimu wa kusomea. Aliletewa vitabu vya watoto, akaviweka pembeni, akawauliza watu wazima wale wanataka kujua nini. Wakamwambia: kuandika majina yao, kujaza fomu ya kutuma pesa, kusoma Biblia. Akaanza na hayo. Ukutani akabandika Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Darasa lile likazaa mamia ya mengine kusini mwa Marekani, na mwaka 1965 sheria ya haki ya kupiga kura ikapitishwa huko.

Kwa hiyo njia hii ni ya watu wa mashamba na visiwa. Inatufaa.

Nitaambiwa naleta siasa. Nifanyeje?

Hofu hii ni ya kweli na sitaki kuidharau. Kwetu siasa imevunja ndoa, imewafanya watu wasizikane. Mwaka 2001 damu ilimwagika Pemba. Maridhiano yalipokuja na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ikakubali serikali ya umoja wa kitaifa, wapo waliosalimiana kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Darasani kwangu wanakaa benchi moja watu wa bendera mbili, na sina haki ya kuwarudisha huko nyuma.

Mpaka wangu ni huu. Chama, mgombea na uchaguzi havizungumzwi darasani, hata kwa mzaha, hata kwa rangi ya kanga. Mizani, maji ya mfereji, mirathi, foleni ya kituo cha afya, kitambulisho, ujira wa mchumaji wa karafuu: hayo yanazungumzwa, kwa sababu yanamgusa kila mmoja bila ya kuulizwa kadi yake. Kabla ya kuanza muhula naenda kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yetu, namuonesha orodha ya maneno tutakayosoma, namkaribisha aje kukaa. Amekuja mara mbili. Mara ya pili aliulizwa maswali magumu kuhusu barua za utambulisho na akayajibu, na mimi namheshimu kwa hilo.

Kuhusu Mapinduzi ya 1964 na yaliyofuata: usiyalete wewe. Yakija yenyewe, kwa mfano mtu akieleza shamba lake la eka tatu lilivyopatikana au baba yake alivyopokonywa, sikilizeni mpaka mwisho, mshukuruni, na rudini kwenye somo. Darasa la kisomo halina nguvu ya kutibu hilo, na linaweza kuliumiza.

Wazee watasema haki za wanawake ni mambo ya kigeni, hayamo katika dini.

Anza na dini basi. Dhulma ina jina lake kwetu tangu kabla ya semina. Sura ya Al-Mutaffifin inafunguka kwa kuwakemea wanaopunja vipimo, nilipowasomea wakulima wa mwani aya zile, bi mmoja alisema, "Kumbe sisi tumo!"

Mirathi ndiyo somo zuri kuliko yote ya hesabu. Maneno ya sehemu tunayo tayari: nusu, robo, thumni, thuluthi, sudusi. Wazee bado wanaikumbuka thumni ya senti hamsini. Mimi huandika hivi ubaoni: mtu amefariki, deni limelipwa, hakuacha wasia, wazee wake wameshatangulia. Ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili, wa kike watatu, na mikarafuu 64. Mke mwenye watoto ana thumni, kwa hiyo mikarafuu 8. Imebaki 56. Mtoto wa kiume ana mafungu mawili, wa kike fungu moja: jumla mafungu saba, kila fungu mikarafuu 8. Wanawe wa kiume kila mmoja 16, wa kike kila mmoja 8. Tunagawa kwa kokwa za furu juu ya jamvi, kokwa 64, kila mmoja azione na azishike.

Kisha nauliza swali moja tu: nyumbani kwenu iligawiwa hivi? Ukimya unaofuata ni mzito. Yupo aliyeambiwa mwanamke hapewi mashamba kwa kuwa ataolewa. Yupo ambaye kaka zake wanamletea polo la muhogo kila msimu wakamwambia ndiyo haki yake. Hapo hakuna la kigeni. Ni Qur'ani yenyewe haijatekelezwa. Mwanafunzi anayetaka kufuatilia namuelekeza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, au kwa kadhi wa wilaya.

Jambo moja: usijifanye mufti. Suala la fikihi lililokuzidi, mwalike ustadhi mnayemuamini aje. Na kabla hajaja zungumza naye, ujue atasema nini.

Wanafunzi wangu hawasemi. Kila swali wanajibu "hewallah, mwalimu".

Hiyo ni adabu, na nyuma ya adabu kuna muhali, ile haya ya kumkosea mtu wa karibu. Muhali ndiyo kufuli ya visiwa hivi. Mtu amedhulumiwa na mjomba wake, na mjomba ndiye aliyemsomesha mwanawe. Atasema nini mbele ya watu ishirini ambao nusu yao ni jamaa? Usimlazimishe. Ukimuuliza mtu "wewe je, umewahi kupigwa?" mbele ya wenzake, umemdhulumu mara ya pili.

Zungumzia mtu wa mbali. "Kulikuwa na mwanamke kijiji fulani…" Kila mmoja atajua unamsema nani na hakuna atakayesemwa. Au toka nje, mchore ramani ya shehia mchangani: makumbi ndiyo nyumba, majani ya mkarafuu ndiyo mashamba, kamba ndiyo njia ya maji. Kisha waambie waweke kijiwe cheupe penye shamba la mwanamke. Mikono huzungumza pale midomo iliposhindwa. Mara yangu ya kwanza vijiwe vyeupe vilikuwa viwili kwenye ramani nzima, na waliokuwa wakicheka wakanyamaza wenyewe.

Tarabu pia inafungua. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, wa ukoo wa wafinyanzi, aliyeuza vyungu kwa miguu na ambaye hakusoma skuli, aliimba kwa Kiswahili habari za mahakama zilizowaadhibu wanyonge na kuwaacha wakosaji. Mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay. Wanafunzi wangu wanamjua kwa jina; wakiambiwa kwamba hakuwa na skuli, wanakaa sawasawa. Baada ya hapo naomba kila kikundi kitunge beti mbili juu ya jambo la kijijini. Beti hizo ndizo kitabu chetu cha kusoma cha mwezi unaofuata.

Mwanafunzi akinieleza kwamba anapigwa, au kwamba mtoto wake amedhalilishwa?

Hapo somo limesimama. Msikilize faragha, usimuahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, na usiligeuze kisa chake kuwa mfano wa darasani, hata kwa kubadili jina. Kijiji ni kidogo.

Ikiwa ni udhalilishaji wa kijinsia, saa zinahesabika. Asioge, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, na afike hospitali haraka. Dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI inafaa ikianzwa ndani ya saa 72. Vituo vya Mkono kwa Mkono vinaweka daktari, polisi na mshauri pahala pamoja, kwa mfano hospitali ya Mnazi Mmoja kwa Unguja na ya Chake Chake kwa Pemba. Kwa mtoto, namba 116 inapigwa bila malipo. Katika shehia yupo pia mratibu wa wanawake na watoto. Mfahamu kabla hujamhitaji.

Utaambiwa, "Mwalimu, hili tunalimaliza kifamilia." Nimesikia hivyo mara nyingi, na mara nyingi nimeona lilivyomalizwa: mtoto amehamishiwa kwa shangazi, mkosaji yupo palepale barazani anacheza bao. Kwa mtoto sikubali suluhu ya aina hiyo. Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya 2011, haikuacha nafasi ya muhali. Nimepoteza urafiki wa nyumba mbili kwa sababu hiyo na ningefanya tena.

Kwa nini wanaume hawaji?

Aibu, na saa. Saa kumi mvuvi analala au anatengeneza nyavu. Jaribuni darasa la wanaume peke yao baada ya isha, bandani au barazani, na neno la kwanza liwe "dau" au "deni". Wanaume nao wanadhulumiwa: mchumaji anayepanda mkarafuu mrefu kwa malipo ya pishi anahitaji kujua pishi ni vibaba vinne, na vya kibaba kipi.

Nitumie karatasi gani? Vitabu havitoshi.

Tumia karatasi walizonazo. Waambie walete kutoka nyumbani, wewe funika majina. Risiti ya karafuu iliyoandikwa daraja la kwanza, la pili au la tatu. Bili ya umeme. Kadi ya kliniki. Tangazo la pensheni jamii, ile iliyoanza Aprili 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa. Wapo waliotimiza umri wasijue kwamba wana la kudai.

Na fomu za mikopo. Hizi ndizo zinazoniuma zaidi, zile watu wanazoziita kausha damu. Mtu anakopa 200,000, anatia dole gumba chini ya maandishi madogo yanayosema asilimia 20 kwa mwezi. Tunahesabu kwa vizibo vya soda, kizibo kimoja elfu kumi: kila mwezi vizibo vinne vinaondoka, na mkopo wenyewe bado upo. Miezi sita, riba peke yake 240,000. Bi mmoja alizitazama zile rundo mbili, akanyanyua dole gumba lake akalitazama nalo, akasema taratibu, "Basi hili ndilo lililouza cherehani yangu."

Tangu hapo tuna ada darasani: kabla ya kutia dole au saini, unasema "naomba niende nayo nyumbani nikasomewe." Tunaifanyia mazoezi kwa sauti, mmoja akijifanya bwana mkopo, mwengine mkopaji, maana sentensi hiyo ni ngumu kuitamka mbele ya mtu aliyevaa shati la kupiga pasi.

Wakitukanana kwa asili? Kuna maneno mabaya yanatoka.

Yanatoka. "Mtumwa wewe", "wa kuja", na maneno kwa mwenye ulemavu wa ngozi au asiyesikia. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873 na utumwa wenyewe ukafutwa kwa amri mwaka 1897, lakini neno halikufutika midomoni. Siku lilipotoka darasani kwangu nilifunga kitabu. Niliandika miaka hiyo miwili ubaoni, nikawaomba wahesabu ni vizazi vingapi vimepita. Sikutoa khutba. Aliyelisema alikuja kuomba radhi nyumbani kwa mwenzake, usiku, na hilo kwetu ni kubwa kuliko kuomba radhi mbele ya mwalimu.

Mimi si mwanasheria. Nikikosea je?

Usitoe hukumu, toa mlango. Jua majina ya sheria chache na uzitaje kwa usahihi: Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 kwa wanaofanya kazi mahotelini na majumbani, Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya 2017 kwa mambo ya ndoa, Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwepo tangu 1992, na wapo wasaidizi wa sheria hadi vijijini. Mwalike mmoja kila muhula. Akianza kusoma vifungu kwa nusu saa, mkatize kwa heshima. Waambie wanafunzi walete masuala yao.

Darasa linakufa msimu wa karafuu.

Litakufa, liache. Funga, fungua ukimalizika uchumaji. Na kwa wakulima wa mwani panga ratiba kwa bamvua, usipange kwa kalenda ya ukutani. Jambo jengine ambalo walimu hawalifikirii: miwani. Nusu ya waliokuwa "hawashiki" darasani kwangu walikuwa hawaoni. Andika kwa herufi kubwa, kaa karibu na dirisha.

Na wakishajua haki zao, wakaenda kudai, wakakataliwa?

Swali hili huulizwa mwisho, kwa sauti ya chini, na ndilo ninalolifikiria sana. Baada ya ile habari ya polo la mchele, wanawake walimwendea mnunuzi wa mwani wakamwambia mizani yako inapunja. Hakubishana. Msimu uliofuata hakuja. Akanunua kijiji cha pili. Mwani wao ulikaa mwezi mzima, sehemu ukalowa mvua. Baadhi ya waume walinilaumu mimi, na sikuwa na jibu la kuwapa.

Kosa langu lilikuwa kuwaacha waende peke yao. Kijiji cha pili kina wakulima walewale, wana mizani ileile, na hatukuwa tumezungumza nao hata siku moja. Basi tulikwenda, kwa miguu, jioni mbili mfululizo, na polo letu la mchele. Wakalipima wenyewe.

Sasa vijiji viwili vina daftari moja. Lina safu nne, zimepigwa mistari kwa rula: jina, tarehe, kilo za nyumbani, kilo za mnunuzi. Nyumbani wanapima kwa mizani ya kuning'iniza waliyoinunua kwa kuchangishana, na kila mwezi inajaribiwa kwa polo jipya. Mnunuzi amerudi. Mara ya mwisho nilipolitazama daftari, tofauti kati ya safu ya tatu na ya nne ilikuwa nusu kilo, na pembeni mtu ameandika kwa penseli, kwa mkono ambao mwaka jana haukujua kushika kalamu: *muulizeni*.